Meyer, Meya na Meja

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa jioni moja mjini Moshi mbele ya waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro, wapagazi wao na wanafunzi wachache wa Kijerumani. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nikaondoa kikohozi na mahali nilipopotewa na neno.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele, haviumi.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya swali. Kijana wenu mmoja, simtaji maana yumo humu ndani na tayari ameinamisha kichwa, alikuwa na mgeni wa Kijerumani njia ya Marangu. Wametoka kibanda cha Kibo saa sita usiku, wamefika kwenye pango la Hans Meyer, pale ambapo kila mtu huketi kidogo, apige funda la chai, atafute pumzi. Mgeni akasikia jina la pango, akacheka. "Hata mimi ni Meier," akasema. Kijana wetu akafurahi: "Basi karibu kwa babu yako!" Mgeni akatikisa kichwa. "Hapana, hatuna undugu. Yule ni wa y, mimi ni wa i."

Juu ya mita 5,100 si mahali pa kuelezana mtu kuwa wa y au wa i. Wakaendelea kupanda, kijana akarudi mjini na swali lake: inakuwaje watu wawili waitwe jina moja, litamkwe vile vile, halafu mmoja awe mwepesi hivyo kumkana mwenzake?

Ni swali la haki, hasa kwa mtu wa huku. Sisi ukisikia Mushi, Massawe, Kimaro au Temba, unajua umesikia ukoo. Mara nyingi unajua na kijiji, na ukiwa mtu mzima unajua hata kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kiko upande gani wa mfereji. Kwa hiyo tunapokutana na Meyer tunamsoma kama Massawe. Hapo ndipo tunapokosea, na jioni hii yote nitakuwa nikilizungukia kosa hilo moja.

Tuanze na maneno mawili ambayo hayahitaji mkalimani: meya na meja. Meya ni yule wa manispaa, mwenye joho na mkufu siku za sherehe. Meja ni ofisa wa jeshi, juu ya kapteni. Yote mawili tumeyapata kwa Waingereza, nao wameyatoa kwenye neno moja la Kilatini, maior, yaani mkubwa zaidi. Sasa na Meyer naye katoka hapo hapo. Meya, meja na Meyer ni watoto wa tumbo moja, ila wawili walikwenda mjini na jeshini, wa tatu akabaki shambani. Kwa hiyo ndugu zangu, mkilitaja lile pango mnasema pango la Bwana Meya, ila ni meya wa aina nyingine kabisa.

Zamani katika nyumba za wakubwa wa Ulaya kulikuwa na cheo cha maior domus, mkubwa wa nyumba. Ndiye aliyeshika funguo, akajua nani anakula wapi na nani hajalipa. Kwa wafalme wa Wafranki cheo hicho kilinenepa mpaka kikamzidi mfalme mwenyewe. Mwaka 751 mkubwa wa nyumba mmoja, Pippin, alimvua mfalme wake madaraka, akamnyoa zile nywele ndefu zilizokuwa alama ya ufalme, akampeleka monasteri, kiti akakalia yeye. Hiyo ndiyo ngazi ya juu kabisa ambayo neno hili limewahi kufika.

Ngazi ya chini ndiyo inayotuhusu. Mfalme alikuwa na mashamba mengi yaliyotawanyika, askofu vivyo hivyo, monasteri vivyo hivyo. Wakulima waliokaa kwenye ardhi hiyo walidaiwa siku za kazi kwenye shamba la bwana, na juu yake walidaiwa nafaka, kuku, mayai, nguruwe. Bwana yuko mbali. Nani atahesabu mayai? Nani atajua kwamba mkulima fulani ameleta kuku mgonjwa? Pale ndipo alipowekwa mtu, na Wajerumani wakamwita meier. Neno la karibu kwetu ni msimamizi wa shamba. Mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge angesema nyapara, na hangekuwa mbali sana, ingawa meier alikaa kwenye nyumba kubwa kuliko zote kijijini, na katika sehemu nyingi ndiye aliyeongoza baraza la kuamua kesi za wakulima wale wale aliowasimamia. Fikirieni hali hiyo: anayekudai ndiye anayekuhukumu.

Ipo hati ya karibu na mwaka 800, ya enzi za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, inayotoa maagizo ya namna ya kuendesha mashamba ya mfalme. Mimi huipenda kuliko vitabu vyote vya historia ya wafalme, kwa sababu haina vita hata kimoja ndani yake. Ina kuku. Inasema mashamba makubwa yasiwe na kuku pungufu ya 100 na bata bukini pungufu ya 30. Inasema mtu asikamue zabibu kwa miguu. Inataka siagi, jibini, siki na bia vitengenezwe kwa usafi. Na katikati ya kuku na siagi, wametajwa hao maiores, mababu wa jina letu, mara mbili kwa namna ambayo hainitoki kichwani.

Mara ya kwanza inaagizwa kwamba meier asipewe eneo kubwa kuliko analoweza kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Siku moja tu. Ukitaka kujua ukubwa wa madaraka ya Meyer wa kwanza, usitafute ramani; mpe mtu farasi asubuhi, mngoje jioni. Mara ya pili inaagizwa kwamba kazi hiyo wasipewe watu wenye nguvu. Wapewe watu wa kati walio waaminifu. Aliyeandika hayo alikuwa ameshaumwa na nyoka: mtu mwenye nguvu ukimpa shamba akulindie, baada ya miaka kumi ni shamba lake. Na kama tulivyoona kwa Pippin, hofu hiyo ilikuwa na msingi wake, maana Karolo alikuwa mtoto wa huyo huyo Pippin.

Basi kila bwana mwenye ardhi alikuwa na meier, na monasteri kubwa ilikuwa nao kadhaa, mmoja kila shamba. Hesabu hiyo kutoka milima ya Alpi hadi Bahari ya Kaskazini. Hawakuwa ndugu. Walikuwa wenye kazi moja, kama ilivyo leo kwamba kila kata ina mtendaji wake na watendaji hao hawakuzaliwa na mama mmoja.

Majina ya ukoo yenyewe yalikuwa bado. Mtu aliitwa Heinrich, yakaisha. Kuanzia karne ya 12, miji ya upande wa mto Rhine na kusini ilipofurika watu, na waandishi wa kodi na mikataba wakawa wengi, Heinrich mmoja hakutosha. Heinrich yupi? Yule msagaji: Müller. Yule mhunzi: Schmidt. Yule mfupi: Klein. Yule aliyetoka Bavaria: Bayer. Yule mwana wa Peter: Peters. Na yule wa shamba kubwa: Meier. Mwanzoni lilikuwa lakabu la kumtofautisha tu, likiisha akifa au akibadili kazi. Baadaye likaganda. Mtoto akarithi jina bila kurithi kazi, na tangu hapo Müller anaweza kuwa daktari wa meno na Schneider, ambaye ni fundi cherehani, asijue kupitisha uzi kwenye sindano.

Kwa upande wa meier kulikuwa na jambo la ziada, maana cheo chenyewe kilibadilika wakati jina likiganda. Mabwana waliona usimamizi wa aina ile una hasara, wakaanza kuyakodisha mashamba. Meier akawa mpangaji: unalipa kiasi fulani kila mwaka, kinachobaki chako. Kaskazini, sehemu za Hannover na Braunschweig, ilitokea sheria kamili ya upangaji huo, na haki ya mpangaji ikawa ya kurithiwa, kwa sharti kwamba shamba lisigawanywe. Kusini, Bavaria, meier akawa jina la yeyote mwenye shamba kubwa la kijiji. Kwa hiyo hata wakati wa mwanzo kabisa, Meier wa Hannover na Meier wa Bavaria walikuwa watu wenye hali tofauti waliobeba neno moja.

Mashamba yalipokuwa mengi, Meier mmoja naye hakutosha, ikabidi kuongeza kiambishi. Wa juu, Obermeier. Wa chini, Niedermeier. Wa karibu na kanisa, Kirchmeier. Wa kwenye kijito, Bachmeier. Wa mashariki, Ostermeier. Wa shamba jipya, kwa lafudhi ya kaskazini, Niemeyer. Na mmoja wa watu wenye jina hilo alizaliwa Brazili, akasanifu majengo makubwa ya mji mkuu wa Brasília. Ukisoma majina hayo kwa mpangilio ni kama unapita kijijini na mwenyeji wako anakuonyesha kwa kidole: kule juu, kule chini, pale kanisani.

Lakini nataka tukae kidogo Westfalia, kaskazini magharibi ya Ujerumani, maana mtu wa kihamba ataona maajabu huko. Katika maeneo ya Westfalia na Lippe, kwa karne nyingi, jina halikuwa la mtu. Lilikuwa la shamba. Aliyekaa kwenye shamba la Meyer aliitwa Meyer, basi. Kijana akioa binti mrithi wa shamba hilo, akahamia kwake, anaacha jina la baba yake langoni na kuingia ndani akiwa Meyer. Mke akifa, mume akaoa mwingine kutoka kijiji cha tatu, watoto wao wote ni Meyer, ingawa sasa hakuna hata tone la damu ya Meyer wa zamani ndani ya nyumba ile. Na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wangeweza kuzikwa na majina mawili tofauti kwa sababu waliishia kwenye mashamba mawili. Makarani wa kanisa walijitahidi: waliandika fulani "aitwaye" fulani, jina la kuzaliwa kwanza, la shamba baadaye. Wanaotafuta mababu zao huko hulia machozi. Sisi kihamba hufuata ukoo. Kule ukoo ulifuata kihamba.

Sasa hizo y na i.

Niliishi miaka minne Niedersachsen, kaskazini magharibi ya Ujerumani, nikisoma na kutafsiri hati. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia sita. Mlango wa chini una vifungo sita vya kengele, na kila kifungo kina kijikaratasi chenye jina, maana kule barua haiendi kwa namba ya nyumba ya ghorofani, inakwenda kwa jina lililo kwenye sanduku. Mwenyeji wangu alikuwa Meyer. Wa ghorofa ya tatu alikuwa Meier. Mimi nilikuwa mpangaji "kwa Meyer". Ofisi moja, naiacha bila jina, ikaandika "kwa Meier", na barua yangu ya kibali cha kukaa ikapanda ngazi kwenda kulala ghorofa ya tatu siku kumi na moja huku mimi nikihesabu siku za kibali zilizobaki. Nilipoipata nikamuuliza yule mzee, bila nia mbaya, kama yeye na mwenyeji wangu ni jamaa. Alinitazama kama niliyemuuliza kama ana deni. "Sisi ni wa ei," akasema. Niliisikia sauti yake tena niliposimuliwa habari za pango.

Kwa masikio hakuna tofauti. Kijerumani kiliandika sauti ile ile ya "ai" kwa namna nne: ei, ey, ai, ay. Kwa hiyo kuna Meier, Meyer, Maier, Mayer, na ukiondoa e ya mwisho unapata Mayr na Mair. Yote unayatamka "Maia". Mtu anapojitambulisha kwenye simu haishii kwenye jina, huongeza herufi zake pale pale, e na y, a na i, kwa mwendo wa mtu aliyezirudia tangu shule ya msingi.

Tofauti hizi za herufi ni karani aliyezifanya. Padri wa kijiji aliandika alivyosikia na alivyofundishwa, na mtu mmoja angeweza kubatizwa Maier, kufunga ndoa akiwa Mayer na kuzikwa Meyer bila yeye mwenyewe, asiyejua kusoma, kuhisi chochote. Zamani waandishi waliipenda sana y; hata neno sein, yaani kuwa, waliliandika seyn. Baadaye lugha ikasafishwa, y zikaondolewa kwenye maneno ya kawaida, kwenye majina zikabaki kama rangi ya zamani kwenye kona ya ukuta. Halafu ikaja serikali. Kuanzia Januari 1, 1876 kila kizazi, ndoa na kifo katika Dola ya Ujerumani viliandikwa kwa msajili wa serikali, na namna jina lilivyoandikwa ikafungwa. Herufi iliyotokana na mazoea ya karani fulani ikawa mali ya familia. Leo ukiona y na e unakisia kaskazini; ukiona a na i unakisia Württemberg na Bavaria; Mayr na Mair zinakupeleka kusini zaidi, hadi Tirol. Ninyi mpira mnaujua: Sepp Maier, golikipa wa Bayern na wa Ujerumani Magharibi iliyochukua Kombe la Dunia 1974, ni wa a na i, na alizaliwa Bavaria. Inakaa sawa.

Wote wakiwekwa kapu moja wangeshindana na Müller na Schmidt kwa wingi. Ni wengi kiasi kwamba maelekezo ya serikali ya Ujerumani kuhusu kubadili majina yanayataja majina ya namna hii kuwa sababu inayokubalika: mtu anaweza kuomba kubadili jina kwa kuwa halimtofautishi tena na watu. Hebu pima. Jina lilizaliwa ili kumtofautisha Heinrich, likazaa mno mpaka limeshindwa kazi.

Kuna mto wa pili ulioingia kwenye jina hili, na huu hautoki kwenye Kilatini wala kwenye kuku wa mfalme. Wayahudi wana jina la kale la Meir, la Kiebrania. Maana yake ni mtoa nuru, ni kama tunavyosema Munir hapa kwetu. Wayahudi wa Ujerumani wengi waliishi bila jina la ukoo, mtu na jina la baba yake, kama wazee wetu wa pwani na bin wao. Dola ya Austria iliwaamuru wachukue majina ya kudumu mwaka 1787, Prussia ikafuata 1812. Mwenye baba au babu Meir akaandikwa Meyer au Mayer, sauti ziko karibu. Mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer alizaliwa akiitwa Beer, akaiunganisha Meyer aliyoipata kwa babu yake mzaa mama. Na Golda Meir aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli alikuwa Meyerson kwa ndoa, akalifupisha jina mwaka 1956 lirudi kwenye Kiebrania.

Kwa hiyo ukikutana na Meyer wawili, mmoja anaweza kuwa wa shamba la monasteri na mwingine wa nuru, na kwenye karatasi huwezi kuwatenga. Wanazi walikereka na jambo hili hasa. Mwaka 1938 walitoa amri kwamba kuanzia Januari 1939 Wayahudi ambao majina yao ya kwanza hayakuonyesha wazi asili yao waongezewe jina, wanaume Israel, wanawake Sara. Na Meyer Mkristo naye alitakiwa akachimbe vitabu vya kanisa vya mababu kuthibitisha yeye ni Meyer wa aina gani. Lile jina la msimamizi aliyehesabu mayai likawa karatasi ya kufa na kupona.

Wajerumani wana msemo, mtu akitaka kuapa kwa utani: kama nimekosea, niiteni Meier. Inasimuliwa kwamba Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, aliutumia mwanzoni mwa vita alipojigamba kwamba ndege za adui hazitafika. Zilifika. Watu waliokuwa mahandakini wakamwita Meier kwa kunong'ona.

Utani huo ni wa zamani kuliko yeye. Jina likiwa la kila mtu hugeuka jina la mtu yeyote. Mjuaji wa kila kitu anaitwa Schlaumeier, Meier mwerevu. Anayetunisha misuli ni Kraftmeier, Meier wa nguvu. Na asiyekosa kikao cha chama, mwenye kujua katiba ya klabu ya kufuga njiwa kwa moyo, ni Vereinsmeier. Sidhani kama humu ndani tunamkosa. Halafu upande wa kaskazini Meierei ni kiwanda cha maziwa, kwa hiyo mkiona neno hilo kwenye bango msitafute familia, tafuteni mtindi.

Nimewachelewesha kufika mlimani. Tupande.

Hans Meyer alizaliwa mwaka 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, Thuringia. Kwa maana ya jina mngetarajia mashamba. Hakuna. Babu yake, Joseph Meyer, alizaliwa Gotha mwaka 1796, mtoto wa fundi viatu. Msimamizi wa bwana alikwishapotea zamani ndani ya familia hiyo. Lililobaki lilikuwa jina kwenye kibanda chenye harufu ya ngozi. Joseph alianzisha kampuni ya uchapishaji mwaka 1826, akatoa kamusi elezo kubwa iliyofika juzuu 52, na jina Meyer likawa jina la kitabu. Fedha za vitabu ndizo zilizonunua kamba na viatu vya kupandia barafu.

Safari za Hans mnazihadithia kila wiki, mimi nitapita haraka. 1887 barafu ilimrudisha. 1888 alikamatwa Pangani na watu wa Abushiri, akakombolewa kwa fedha. 1889 alifikia Marangu kwa Mangi Mareale, na Oktoba 6 akafika kileleni na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayesimuliwa kuwa aliwaongoza njia, mnamjua kuliko mimi.

Alipofika juu alifanya mambo mawili. Alikiita kilele kwa jina la Kaisari Wilhelm. Na alichukua jiwe, akalipeleka kwa Kaisari huyo. Mimi niliyekaa na hati za mashamba miaka mingi, niliposoma habari ya lile jiwe nilicheka peke yangu maktaba mpaka mtu akageuka. Miaka elfu moja na zaidi baada ya ile hati ya kuku, Meyer bado anazunguka shamba ambalo si lake, bado anamrudishia bwana hesabu: hili hapa jiwe. Yeye hakuwaza hivyo, bila shaka. Na jina la Kaisari halikudumu. Tangu Desemba 1961 kilele ni Uhuru. La msimamizi limebaki, kwenye pango na kwenye kilele kimoja cha Mawenzi.

Mzee mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama Hans huyu ndiye wa ile meli. Sio yeye, na nimefurahi ameuliza. Meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer mjini Papenburg, kaskazini magharibi kabisa ya Ujerumani, karakana iliyoanzishwa mwaka 1795. Iliundwa kwanza kule ikiitwa Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiinua, na 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba. Basi nchi hii ina Meyer wa mlimani na Meyer wa ziwani, wote wa y, mmoja wa vitabu na mwingine wa mbao na chuma. Jina peke yake haliwafanyi ukoo mmoja, kama ambavyo meya wa Moshi na meya wa Tanga si lazima wawe wamekula sahani moja utotoni.

Kijana wangu, inua kichwa sasa. Yule mgeni wako hakuwa na kiburi. Alikuwa anakwambia kwamba msimamizi wake na msimamizi wa pangoni walihesabu kuku wa mabwana wawili tofauti. Safari nyingine, mgeni akikaa pale, mkono mmoja kwenye kikombe, akasema yeye naye ni Meyer, usimkaribishe kwa babu yake kwanza. Muulize anaandikaje. Akikujibu Mayr, bila e, mwambie, "Kumbe wewe ni mtu wa kusini, wa milimani," halafu mwongezee chai, maana kutoka hapo hadi Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, bado kuna saa mbili za changarawe.

Maswali?